Ruhusa ya Kaburi

Mama Apio aliacha kula wiki ile wapimaji wa ardhi walipopita nyuma ya jiko lake wakipigilia vigingi vyeupe. Hakusema kwamba amekasirika. Alisema tu kwamba uji una harufu ya moshi, kisha akasema maji nayo yana harufu ya moshi, na haukupita muda Taaka, mke wa mwanawe, akawa anamlowesha midomo kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Jioni moja alimwita mwanawe. Phanuel Othieno alikuwa ndiyo kwanza atoke kupalilia pamba, na udongo ulikuwa haujakauka miguuni. Aliinama mlangoni, akaingia, akachuchumaa kando ya mkeka.

"Phanuel, pale kwa baba yako nafasi yangu bado ipo?"

"Ipo, Mama. Lakini mbona unaongea hivyo? Daktari wa Tororo alisema..."

"Daktari aongee mambo ya dawa. Mimi naongea mambo ya kulala. Ni upande wa kushoto?"

"Wa kushoto. Hakuna aliyepagusa."

"Basi kaombe ruhusa."

"Ruhusa kwa nani, Mama? Pale ni petu."

Mama Apio alinyoosha kidole chake chembamba kuelekea upande wa jiko, kule kwenye vigingi, kisha akageukia ukutani akafumba macho.

Phanuel alijua anachoambiwa. Zamani, yeye mwenyewe hajazaliwa, Waingereza waliichukua ardhi ile ya Iyolwa wakaifanya ya chifu wa gombolola, yaani mkuu wa tarafa. Wenyeji waliachwa wakae juu yake kama wageni, wakimlimia chifu pamba yake kwanza ndipo walime yao. Chifu wa mwisho alikuwa Mwami Ojangole. Mwaka wa ghasia za kodi vijana waliichoma nyumba yake, naye akatorokea Busia upande wa Kenya, kwa binti yake aliyeolewa huko. Phanuel alifungwa miaka miwili kwa ajili ya moto ule. Alipotoka jela Uhuru ulikuwa mlangoni, boma la gombolola lilikuwa limehamishwa, na majirani walikuwa wameigawana ardhi kwa kamba, kila mtu akarudi pale alipolala babu yake. Wakadhani mambo yamekwisha. Sasa eneo lote, na mashamba yake, na kijito chake, na makaburi yake, lilikuwa limetolewa kwa hati kwa mtu mmoja, Mheshimiwa Cornelius Omaido.

Na huyo Omaido hakuwa mgeni. Mwaka ule wa ghasia alikuwa karani mwembamba wa pamba. Yeye ndiye aliyepanda juu ya pipa sokoni akasema siku za mabwana wa kulimiwa zimekwisha, na Phanuel alikuwa mmoja wa waliombeba begani.

*

Walikwenda Tororo wawili, yeye na Taaka. Taaka alibeba jogoo mwekundu kwapani, kwa kuwa mtu haendi mikono mitupu kwa mkubwa. Omaido alikaa chini ya ule mwamba mkubwa wa mji, katika jumba ambalo zamani lilikuwa la meneja Mzungu, lenye bustani ya maua na njia ya changarawe. Askari wa getini aliwatazama toka miguuni hadi kichwani.

"Nyinyi nakwenda wapi?"

"Tumekuja kumwona Mheshimiwa," Phanuel alisema. "Mwambie ni Othieno wa Iyolwa. Ananijua."

"Wote anajua yeye. Mlango ya watu ya shamba iko nyuma."

Walizunguka nyuma. Walikalishwa kwenye makreti ya bia karibu na mlango wa jikoni, jua likiwapiga usoni. Baada ya kitambo kirefu mke wa Omaido alitoka, mama mnene mwenye kanga mpya, akamwona jogoo.

"Huyu ndiye kuku niliyeagiza? Mbona ni mmoja?"

"Mama, huyu si wa kuuza," Taaka alisema, akiwa amepiga magoti kama desturi. "Ni salamu zetu."

Lakini yule mama alikuwa ameshageuka kumpigia kelele mpishi. Mpishi akaja, akamchukua jogoo kwa miguu, na aliporudi alimwekea Taaka shilingi mbili mkononi. Taaka alizitazama. Alitaka kuzirudisha, akakosa wa kumrudishia, mlango ulikuwa umefungwa. Akazifunga kwenye pindo la nguo yake, na Phanuel akageuza uso ili mkewe asijue kwamba ameona.

Omaido alipotokea, alitoka na kicheko. Alikuwa amenenepa shingo, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kwenye pipa.

"Phanuel! Ndugu yangu wa mapambano! Kwa nini wamekukalisha huku nyuma? Hawa watu wangu hawana akili." Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamtikisa. Hakusema waingie ndani. "Na shemeji yangu, hujambo? Watoto?"

"Mheshimiwa, hawajambo," Phanuel alisema. "Mama ndiye hawezi."

"Mama Apio? Yule aliyekuwa akinipa maziwa ya mgando? Pole sana!"

"Anaomba azikwe kando ya Mzee. Siku ikifika."

Omaido aliachia mkono wa Phanuel polepole. Uso wake uliingia huzuni, na huzuni ile haikuwa ya uongo. Alivuta kreti akaketi karibu nao, goti kwa goti.

"Sikiliza. Kama ingekuwa mimi peke yangu, ungenikuta na jembe nachimba mwenyewe. Lakini kuna wakili. Wakili anasema kaburi la zamani si neno. Kaburi jipya ni madai. Leo Mama Apio, kesho mama wa mwingine, na baada ya miaka mitano watu wote wanasimama mahakamani wanasema, hapa ni petu, tunazika hapa. Unanielewa?"

"Mimi siendi mahakamani, Mheshimiwa. Nitaapa."

"Najua wewe huendi. Ni watoto wa watoto wako." Omaido alimpiga bega. "Kuna makaburi ya misheni, mahali pazuri, pana ua. Na jeneza niachie mimi. Jeneza la mvule, lenye vishikio vya shaba. Mama yule hatazikwa ndani ya mkeka wakati mimi niko hai."

"Mama haombi jeneza," Taaka alisema, macho chini.

Omaido alimtazama, kisha akamtazama mumewe, kana kwamba Phanuel ndiye angetakiwa kumnyamazisha. Akasimama, akapangusa suruali.

"Mtakaa mpaka mvune pamba. Sitamfukuza mtu na pamba yake shambani. Mimi si Ojangole."

Njiani Taaka alitembea nyuma ya mumewe mpaka walipoupita mji.

"Baba Mildred," alisema hatimaye, "Ojangole angekubali."

"Ojangole alimpiga baba yangu viboko mbele ya watu."

"Alimpiga. Na Mzee alipokufa, nani alileta fahali? Nani alikaa chini kwenye majani na watu mpaka asubuhi? Mama huwa anasimulia mpaka leo. Huyu wetu ametukalisha kwenye kreti."

Usiku ule Phanuel hakulala vizuri, na alfajiri akaitoa baiskeli yake akaanza kuitia upepo.

*

Ojangole alikaa Busia katika chumba kimoja nyuma ya duka la binti yake, mahali palipojaa magunia ya chumvi na harufu ya samaki wakavu wa kutoka Majanji. Phanuel alimkuta ameketi kitandani, amevaa koti lake la uchifu. Vifungo vya shaba vilikuwa vimeng'olewa, na mbele koti lilifungwa kwa pini. Alikuwa amekonda, lakini macho hayakuwa yamezeeka.

"Wewe ni Othieno," alisema kabla hajaamkiwa. "Wewe ndiye uliyeshika kiberiti."

"Sikushika kiberiti, Mwami. Nilishika mafuta."

"Na leo umekuja kuchoma nini? Kitanda?"

"Nimekuja kuomba."

Mzee yule alijiegemeza ukutani. Dukani watu walikuwa wakibishana juu ya noti mpya, zipi zinapokelewa upande upi wa mpaka, na sauti zao zilipenya kwenye mbao.

"Wanaoomba huwa wanakaaje?"

Phanuel alikuwa bado amesimama. Siku ya hukumu yake hakimu alimwambia aseme kwamba anajuta, apunguziwe kifungo, naye hakusema. Gerezani alipigwa kwa kukataa kumwita askari "Bwana". Sasa alitazama sakafu ya udongo, akaliona gamba la samaki na kizibo cha soda. Akapiga magoti.

Ojangole alimwacha hapo kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Haya. Sema."

Phanuel akasema yote: vigingi, mama, nafasi ya kushoto, maneno ya wakili. Akasema kwamba Mwami ndiye aliyekuwa na ardhi ile miaka yote, na neno lake bado lina uzito. Akimwambia Omaido kwamba tangu zamani watu walizika pale kwa idhini yake bila kudai kitu, huenda moyo wa Omaido utalegea.

Mzee alikuwa akitingisha kichwa kwa furaha ndogo ndogo, kama anayesikiliza redio.

"Kwa hiyo mnataka niwarudishie desturi yangu," alisema. "Vizuri. Nilikuwa hata hivyo nina safari ya kwenda kwa Omaido. Utanibeba?"

Phanuel hakuuliza safari ile ni ya nini. Alikuwa na furaha mno hata hakukumbuka kuuliza.

*

Vijana wa Busia walikuwa wakibeba watu kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona mzee amekaa kwenye kiti cha nyuma, miguu ikining'inia. Lakini walipovuka na kuingia barabara ya Tororo, watu wazima waliokuwa njiani walianza kusimama. Mama mmoja aliyekuwa na mtungi alimtambua Ojangole, akapiga magoti ghafla, mtungi kichwani. Ojangole akainua mkono. Phanuel alihisi baiskeli ikitikisika kwa jinsi mzee alivyojinyoosha.

Kwenye kila kilima alishuka akasukuma, mzee akiwa amekaa hapo hapo juu, ameshika kiti. Jasho lilimwingia machoni.

"Baba yako alikuwa mkaidi kama wewe," Ojangole alisema walipokuwa wakipanda kilima kirefu. "Unajua kwa nini nilikuja kwenye mazishi yake?"

"Watu wanasema ulikuwa na huruma, Mwami. Mama anasema ulilia."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na Phanuel akalazimika kusimama amshikilie asianguke.

"Huruma! Nilimchapa, na mwezi haukwisha akafa. Homa tu ilimuua, lakini nani angeamini? Watu wangesema Ojangole ameua. DC angesikia, angeniondoa, nirudi kwetu nikachunge mbuzi. Ndiyo maana nilileta fahali. Ndiyo maana nilikaa kwenye majani usiku kucha, na mbu wale! Nililia, ndiyo. Nilikuwa ninamlilia Ojangole."

Phanuel aliendelea kusukuma. Tangu ujana wake usiku ule wa matanga ulikuwa ndicho kitu kimoja kizuri walichobaki nacho kuhusu baba yake. Mama yake aliwasimulia wajukuu, wajukuu wakawasimulia wenzao shuleni, kwamba chifu mwenyewe alikaa chini kwa ajili ya babu yao. Alitamani mzee anyamaze, lakini mzee alikuwa amepata wa kuongea naye baada ya miaka mingi.

"Mimi nilikuwa na mtu juu yangu wa kunitisha," alisema. "Ninyi mlijua mkizidiwa mtapeleka maneno kwake. Huyu Omaido mtamshitaki wapi? Ukienda kwa mkubwa wa wilaya, ni rafiki yake. Ukienda kwa hakimu, ni shemeji yake. Ukienda baraza, mwenyekiti ni yeye mwenyewe. Mimi nilipokea kuku wenu, na nilijua kila kuku ametoka mlango gani. Yeye hata kuku hawahitaji."

"Basi mwambie hivyo, Mwami."

"Nimwambie?" Ojangole aliuliza.

*

Askari wa getini alipomwona mzee alitaka kuwaelekeza nyuma, lakini Omaido mwenyewe alikuwa barazani na wageni, akaja mbio kwenye changarawe, mikono mbele. Alimshusha Ojangole kwenye baiskeli kama anavyoshushwa mgonjwa. Aliinama. Phanuel aliona kwa macho yake, Omaido wa kwenye pipa alimwinamia Ojangole mpaka kiunoni, akamwita "Baba".

Waliingia kwa mlango wa mbele. Phanuel alibaki ameshika baiskeli, hajui aende nyuma au akae hapo. Kupitia dirisha alisikia vikombe, kicheko, sauti ya mwanamke kijana akiongea Kiingereza. Alikuwa na kiu, na bomba la bustani lilikuwa karibu, lakini aliogopa kulifungua.

Walipotoka barazani walikuwa wengi. Katikati walisimama vijana wawili, mvulana wa suti na msichana wa miwani. Omaido aliinua mkono watu wanyamaze.

"Ndugu zangu, leo Mwami amekuja mwenyewe kututhibitishia. Mwanangu Chrispinus atamwoa Anjeline, mjukuu wa Mwami Ojangole. Nyumba mbili zimekuwa moja. Watu walitaka kutugombanisha zamani, siasa za wakati ule, lakini damu ya uongozi inajuana!"

Watu wakapiga makofi. Dereva akapiga, mpishi aliyesimama pembeni na sinia akapiga, askari akapiga. Phanuel alijikuta ameegemeza baiskeli tumboni na yeye pia anapiga makofi. Alisikia viganja vyake mwenyewe. Alifikiria miaka miwili ya kupasua mawe, akajaribu kukumbuka aliwapasulia akina nani, na viganja vikaendelea peke yake.

Ni baadaye sana, Ojangole akiwa tayari ameketi kwenye Peugeot ya Omaido arudishwe Busia, alipomwita Phanuel kwa kidole dirishani.

"Nimekuombea," alisema. Pumzi yake ilinuka chai ya tangawizi. "Amekubali kwa heshima yangu. Mtamzika hapo hapo mnapotaka."

"Mwami, Mungu akubariki..."

"Ngoja. Msiweke tuta. Msiweke msalaba wala mawe. Mtazika, mtasawazisha, na trekta litapita juu msimu ukianza. Na yale mawe ya baba yako mtayatoa, ili pasiwe na alama. Wakili ndivyo anavyotaka." Alipandisha kioo, kisha akakishusha tena kidogo. "Ni jambo kubwa nimekufanyia, Othieno. Baada ya yale mafuta."

*

Mama Apio alisikiliza habari yote akiwa amefumba macho. Mildred, mjukuu wake wa darasa la saba, alikuwa amemwegemeza kifuani ili aweze kupumua. Phanuel aliruka maneno ya Ojangole juu ya matanga, hayo hakumwambia. Alimwambia tu kwamba ruhusa imepatikana, na masharti yake.

"Lisawazishwe," alisema mama, kama anayeonja neno.

"Ndiyo, Mama."

"Na ya baba yako yatolewe."

"Ndiyo."

"Halafu nani atajua tuko hapo?"

"Mimi nitajua. Nitakariri hatua kutoka kijitoni."

"Wewe hutakuwa hapa, mwanangu."

Taaka alianza kulia, akatoka nje ili asionekane. Mama Apio alifungua macho, akamtafuta mwanawe.

"Baba yako mwache na mawe yake mpaka watakapoyatoa wenyewe. Usiyatoe wewe. Mimi nipeleke huko misheni kwenye ua, na watu wengine. Siwezi kujificha chini ya pamba ya mtu."

"Mama, umeishi naye miaka yote. Utalala mbali naye?"

"Nitalala mbali naye," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, karibu na tabasamu, "Alikoroma, hata hivyo."

Alikata roho asubuhi iliyofuata, wakati Mildred akichemsha maji ya kumwosha. Phanuel alikwenda nyuma ya jiko, akasimama kwenye kigingi cheupe, akalia kwa sauti kama watoto wanavyolia, na majirani waliosikia wakajua.

*

Jeneza lilikuja kwenye pikapu bila kuitwa. Lilikuwa la mvule, limepigwa vanishi, na vishikio vya shaba viling'aa. Phanuel alisema lirudishwe. Wajomba zake walikasirika. Walimwuliza anataka aibu ya kurudisha jeneza la mkubwa, na jeneza zuri hivi kijijini hapa limewahi kuonekana lini? Basi wakamlaza ndani yake. Lilikuwa refu kumpita, kwani lilitengenezwa bila mtu kuuliza kimo. Taaka alijaza nafasi iliyobaki miguuni kwa nguo za marehemu na mto wake mdogo, ili asitikisike njiani.

Makaburi ya misheni yalikuwa nyuma ya zahanati. Walilala humo watu waliofia hospitalini bila ndugu, na mseminari mmoja, na wapita njia. Kaburi la Mama Apio lilichimbwa kando ya lile la mtu ambaye msalaba wake uliandikwa tarehe tu, bila jina. Padri alisoma haraka kwa sababu mvua ilikuwa ikinyemelea.

Omaido alikuja. Gari lake liliposimama, watu waliokuwa wamekaa kwenye nyasi walisimama, hata wale wazee waliokuwa wamekataa kusimama kwa ajili ya padri. Alikuja na mkewe na Anjeline wa miwani. Alitupa udongo kaburini, akapangusa macho kwa leso, na akasema mbele ya wote kwamba marehemu alimlea yeye kama mama, kwa maziwa yake ya mgando, na kwamba hatasahau. Watu wakaguna kwa shukrani. Viti vitatu vililetwa kutoka zahanati, yeye na mkewe na yule msichana wakaketi, na wafiwa wakakaa chini.

Chai ilipotengenezwa, Mildred ndiye aliyewapelekea. Alipiga magoti mbele ya viti, sinia mikononi, kama alivyofundishwa na bibi yake. Hakumwaga hata tone. Mke wa Omaido alimtazama, akamnong'oneza mumewe, kisha akamgeukia Taaka.

"Binti huyu ni wako? Ana adabu. Anjeline atahitaji msichana wa nyumbani wakiisha kuoana, na wa mjini wote ni wezi. Angekuja akazoea mapema."

"Ana shule, Mama," Taaka alisema upesi. "Anafanya mtihani mwaka huu."

"Ipi shule?" Omaido aliuliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kusaidia. "Ya Iyolwa? Lakini pamba ikishavunwa mnahamia wapi, Phanuel? Umeshapata mahali?"

Watu wote waliokuwa karibu waliacha kunywa chai. Phanuel alitazama mikono yake yenye udongo wa kaburi. Alikuwa amewaza juu ya kulala kwa mama yake kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuwa amewaza, hata siku moja, juu ya kulala kwa walio hai. Kaka zake Taaka kule Samia walikuwa na watoto wao. Rubongi kulikuwa na vyumba vya kupanga, lakini kwa pesa gani?

"Bado, Mheshimiwa," alisema.

"Basi umwache kwangu. Atakula, atavaa. Atakuwa kama mtoto wa nyumbani."

Mildred alikuwa bado amepiga magoti, sinia likiwa tupu sasa. Hakumtazama mama yake, alimtazama baba yake. Taaka alisema, "Baba Mildred," mara moja tu, kwa sauti ya chini. Mvua ikaanza kudondoka juu ya udongo mpya, na watu wakaanza kutafuta vitu vyao. Dereva alishafungua mwavuli na kuja kusimama nyuma ya kiti cha Omaido.

"Aje lini?" Phanuel aliuliza.

"Gari lipo," alisema mke wa Omaido. "Kwa nini anyeshewe?"

Kwa hiyo Mildred alikwenda siku ile ile, na nguo alizokuwa amevaa kwenye mazishi. Alikaa nyuma, upande wa dirisha, karibu na Anjeline ambaye alijisogeza kidogo ili wasigusane. Phanuel na Taaka walisimama kwenye mvua mpaka gari lilipoishia kwenye kona ya zahanati. Kisha wakarudi kumalizia kurundika tuta la kaburi, wakilipiga kwa mgongo wa jembe, zamu kwa zamu, mpaka likawa refu kuliko yote yaliyokuwa pale.